Wahafidhina wa Marekani mtandaoni: yupi ndiye wa kweli?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro, na kanisani nalea kundi la vijana. Kwa muda sasa nafuatilia wachambuzi wa kihafidhina wa Marekani: Ben Shapiro, Tucker Carlson, Candace Owens na klipu za marehemu Charlie Kirk. Nilivutwa na msimamo wao juu ya familia na imani. Siku hizi naona wanashambuliana wao kwa wao kuliko wanavyowashambulia wapinzani wao, na mengine wanayoyasema kuhusu Afrika na wahamiaji yananikera. Yupi kati yao ndiye mhafidhina wa kweli? Na je, niendelee kuwaonyesha vijana klipu zao?

Jibu: Mwalimu, nianze na lile gumu. Ukiuliza yupi ndiye wa kweli, maana yake kuna mtu mwenye mamlaka ya kusema huyu ni wetu na yule si wetu. Zamani alikuwepo. William F. Buckley alianzisha jarida la National Review mwaka 1955, na kwa miaka mingi jarida hilo ndilo lililokuwa lango la harakati nzima. Mwaka 1962 Buckley alimkana hadharani Robert Welch, kiongozi wa John Birch Society, kundi la wapinga ukomunisti wakali, aliyedai kwamba Rais Dwight Eisenhower alikuwa wakala wa wakomunisti. Wafuasi wa Welch walikuwa wengi, wenye fedha, na baadhi yao walikuwa wasomaji wa jarida hilohilo. Buckley alikubali kupoteza wasomaji ili kuwafungia mlango. Aliweza kwa sababu njia za kuwafikia Wamarekani zilikuwa chache: televisheni tatu kubwa, magazeti ya miji, na redio zilizobanwa na kanuni.

Hiyo kanuni ya redio haizungumzwi sana, nami naona ndiyo mwanzo wa yote. Tangu 1949 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilivitaka vituo vya redio na televisheni vizungumzie masuala yenye ubishi na vitoe nafasi kwa upande wa pili. Mwaka 1987, Ronald Reagan akiwa Ikulu, FCC iliifuta. Agosti 1988 Rush Limbaugh, mtangazaji aliyejipatia jina Sacramento, California, akaanza kipindi cha kila siku ya kazi, kikirushwa na vituo vya nchi nzima. Wageni walikuwa nadra, na upande wa pili haukuwepo kabisa. Alikuwa yeye, simu za wasikilizaji, na kejeli. Redio za AM, ambazo muziki ulikuwa umezihama kwenda FM, zikafufuka. Fox News ya Rupert Murdoch ikafuata Oktoba 1996. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ambayo kifungu chake cha 230 kinasema mwenye jukwaa la intaneti hahesabiwi kuwa mchapishaji wa maneno ya watumiaji wake. Facebook, YouTube na Twitter zilijengwa juu ya kifungu hicho.

Watu wengi hudhani historia ya wachambuzi hawa inaanza na Donald Trump. Msikilize Shapiro kwa dakika kumi, ile kasi, ule utani wa kumchoma mpinzani, lile tangazo la bidhaa linaloingia katikati ya hoja bila hodi, utaisikia redio ya Limbaugh. Kilichobadilika ni kwamba Limbaugh alihitaji kituo kimkubali. Leo hakuna wa kukukubali wala wa kukukataa. Kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2024 wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, takriban Mmarekani mzima mmoja kati ya watano hupata habari mara kwa mara kutoka kwa watu maarufu wa mitandaoni. Kwa walio chini ya miaka 30 ni asilimia 37. Zaidi ya robo tatu ya watu hao maarufu hawajawahi kufanya kazi na chombo chochote cha habari wala hawana uhusiano nacho.

Basi kama mlinzi wa lango hayupo, badala ya kuuliza nani wa kweli, uliza kila mmoja wao anakula wapi.

Shapiro alianzisha kampuni ya habari ya Daily Wire mwaka 2015 pamoja na Jeremy Boreing. Mtaji wa kuanzia ulitoka kwa ndugu wa ukoo wa Wilks, mabilionea wa Texas waliotajirika kwa mafuta na gesi. Baadaye kampuni ikajitegemea kwa matangazo na watu wanaolipia kila mwezi. Charlie Kirk alikuwa aina nyingine: Turning Point USA, aliyoianzisha mwaka 2012 akiwa na miaka 18, ni asasi isiyo ya kibiashara inayoishi kwa michango ya matajiri na ya watu wa kawaida, na kazi yake ni kuandikisha vijana vyuoni. Zile klipu za Kirk akibishana na wanafunzi chini ya hema zilikuwa mahubiri na zilikuwa pia namna ya kutafuta wanachama. Owens alifanya kazi Daily Wire hadi Machi 2024, wakaachana baada ya miezi ya mvutano juu ya Israeli, naye sasa anaishi kwa watazamaji wake mwenyewe. Julai 2025 Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa na mkewe walimfungulia kesi ya kashfa katika jimbo la Delaware kwa kudai kwamba Bi. Macron alizaliwa mwanamume. Mtu anayeng'ang'ania dai la namna hiyo kipindi baada ya kipindi anajua watu wake wanarudi kulisikia.

Kisha Carlson. Huyu alikuwa mwajiriwa wa Fox hadi Aprili 2023. Siku chache kabla hajaondoka, Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5 kwa kampuni ya mashine za kura ya Dominion, kwa sababu ya vipindi vilivyotangaza kuwa mashine hizo ziliiba uchaguzi wa 2020. Nyaraka za kesi hiyo ni za kusomwa na kila anayetaka kuielewa biashara hii. Zilionyesha watangazaji wakubwa, Carlson akiwemo, wakiandikiana faraghani kwamba madai ya mawakili wa Trump hayana kichwa wala miguu, huku kituo kikiogopa kuyakanusha hewani kwa sababu watazamaji walikuwa wanahamia Newsmax, chaneli ndogo iliyokuwa tayari kuwaambia walichotaka kusikia. Tajiri Murdoch, mwenye chaneli kubwa kuliko zote za upande huo, alikuwa akiwaogopa watazamaji wake.

Hapa kwetu tumewazoea chawa, mtu anayelipwa na mwanasiasa ili amsifie. Wachambuzi wengi wa Marekani hawalipwi na mwanasiasa, wanalipwa na umati. Chawa akigeuka anamkosea bosi mmoja, naye anaweza kupata bosi mwingine kesho. Huyu wa umati akigeuka anawakosea maelfu kwa saa moja, na wanaondoka na kadi zao za benki. Ndiyo maana usishangae kuona mtu mwenye akili timamu akishindwa kusema jambo dogo lililo wazi.

Ukitaka ushahidi kutoka kinywani mwa mmoja wao, mtazame Dan Bongino. Alikuwa polisi wa New York, kisha mlinzi wa marais, kisha mmoja wa wachambuzi waliosambaa kuliko wote kwenye Facebook. Katika podikasti yake alidai kwamba mabomu yaliyotegwa Washington mkesha wa vurugu za Bungeni za Januari 6, 2021 yalikuwa mpango wa watu wa ndani ya serikali, na kifo cha gerezani cha Jeffrey Epstein, tajiri aliyeshtakiwa kwa kuwadhulumu wasichana kingono, akakitilia shaka kwa miaka. Mwaka 2025 Trump alimteua kuwa naibu mkurugenzi wa FBI. Mei mwaka huo akawaambia watazamaji wa Fox kwamba ameliona faili na Epstein alijiua. Desemba FBI ikamkamata mtuhumiwa wa yale mabomu, mtu binafsi, na Bongino alipoulizwa na Sean Hannity, mtangazaji wa Fox, kuhusu madai yake ya zamani alijibu kwamba wakati ule alikuwa akilipwa kutoa maoni, na sasa analipwa kufanya uchunguzi kwa ushahidi. Mwezi huohuo akatangaza kwamba anaondoka FBI. Mimi simcheki. Naona ni jibu la ukweli kuliko mengi niliyosikia kutoka kwenye tasnia hiyo, ila wasikilizaji wake wa miaka yote hakuwahi kuwapa tahadhari hiyo mapema.

Na fedha ikikosa mwenyewe anayejulikana, ndipo hatari inazidi. Septemba 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwashtaki wafanyakazi wawili wa RT, chombo cha serikali ya Urusi, kwa kupitisha karibu dola milioni 10 kwenye kampuni moja ya Tennessee iliyowalipa wachambuzi maarufu wa mrengo wa kulia. Hati ya mashtaka inasema mmoja wao aliahidiwa dola 400,000 kwa mwezi kwa video nne za kila wiki. Wachambuzi wenyewe hawakushtakiwa, na walisema walidanganywa kuhusu mwenye fedha. Inawezekana kabisa. Lakini mtu anayewafundisha watu kila siku kutilia shaka vyombo vya habari alipaswa kutilia shaka mshahara kama huo.

Sasa ugomvi wao. Hapa nataka uwe makini, maana ukiishia kwenye fedha tu utawaonea. Zipo tofauti za kweli, nazo ni za zamani kuliko intaneti. Uhafidhina wa Marekani wa baada ya Vita vya Pili ulikuwa muungano wa watu watatu: mfanyabiashara anayetaka kodi ndogo na soko huru, muumini anayetaka familia na kanisa viheshimiwe, na mpinga ukomunisti anayetaka jeshi lenye nguvu duniani. Adui wa pamoja alikuwa Moscow. Urusi ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, kamba iliyowafunga pamoja ikalegea. Mwaka 1992 Pat Buchanan, mchambuzi wa televisheni, alimpinga Rais George H. W. Bush ndani ya chama chao kwa hoja tatu: vita vya mbali si vyetu, biashara huria inaua viwanda vyetu, wahamiaji wamezidi. Alishindwa. Lakini Carlson wa leo ukimchuja vizuri unambakiza Buchanan, na Trump alishinda mwaka 2016 kwa ilani inayofanana na ya Buchanan.

Kwa hiyo Desemba 2024 Elon Musk alipotetea viza za wataalamu wa kigeni na Steve Bannon, mshauri wa zamani wa Trump, akamrukia, huyo alikuwa mfanyabiashara akigombana na mzalendo. Juni 2025 Marekani ilipojiandaa kupiga vinu vya nyuklia vya Iran, mtangazaji wa redio Mark Levin akishangilia na Carlson akipinga, huo ulikuwa ugomvi wa 1991 juu ya vita vya Ghuba, umerudi na kamera bora. Haya ni mabishano halali, na pande zote mbili zina hoja za kusikilizwa.

Lililotokea Oktoba 2025 ni la aina nyingine. Carlson alimkaribisha Nick Fuentes, kijana anayejulikana kwa kauli za chuki dhidi ya Wayahudi, akazungumza naye kwa upole. Kevin Roberts, mkuu wa Heritage Foundation, taasisi kubwa ya sera za kihafidhina, akatoa video ya kumtetea Carlson, kisha akaomba radhi kwa sehemu yake huku watu wakijiuzulu. Mmoja wa walioondoka kwenye bodi ni Robert P. George, profesa wa Princeton na mwanafalsafa Mkatoliki. Mkumbuke huyu, nitamrudia. Desemba, kwenye mkutano wa Turning Point huko Phoenix, Shapiro alisimama jukwaani akawataja Carlson na Owens kwa majina, akisema wanaichafua harakati. Carlson akapanda jukwaa lilelile usiku huo akamcheka. Siku ya kufunga, Makamu wa Rais JD Vance aliwaambia wajumbe kwamba hakuja na orodha ya wahafidhina wa kuwakana.

Linganisha na Buckley. Mwenye cheo cha juu zaidi ukumbini alipewa ufunguo wa lango, akaukataa. Sidhani ni uoga tu: vijana wanaomsikiliza Fuentes wana kura, na uchaguzi wa urais wa 2028 hauko mbali. Lakini ndiyo sababu hutapata jibu la swali lako kutoka kwao. Shapiro atakuambia wa kweli ni yeye, Carlson hivyohivyo, na hakuna tena wa kuamua isipokuwa idadi ya watazamaji.

Kuhusu lile dai lao maarufu kwamba mitandao inawabana, hukuuliza ila najua umelisikia. Lina ukweli wake. Oktoba 2020 Twitter ilizuia kiungo cha habari ya gazeti la New York Post kuhusu kompyuta ya Hunter Biden, mtoto wa Joe Biden aliyekuwa mgombea urais, na mkuu wake wa wakati huo, Jack Dorsey, alikiri kwamba walikosea. Januari 2021 Trump mwenyewe akafungiwa. Lakini Oktoba mwaka huohuo wa 2021 Twitter ilichapisha utafiti wake wa nchi saba, ukaonyesha kwamba katika nchi sita, Marekani ikiwemo, algoriti, yaani programu inayoamua uone nini, ilikuwa ikiwasukuma mbele zaidi wanasiasa wa mrengo wa kulia kuliko wa kushoto. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja: mashine iliwapenda, mameneja waliwaogopa. Tangu Musk ainunue kwa dola bilioni 44 Oktoba 2022, na Meta iachane na wahakiki wa ukweli nchini Marekani Januari 2025, malalamiko hayo yamepitwa na wakati.

Nije kwenye lile linalokukera. Februari 2025 Musk alijisifu kwenye X, ile Twitter aliyoibadilisha jina, kwamba amemaliza wikendi akiisaga USAID, shirika la misaada la Marekani, na wachambuzi wengi wa upande wake wakashangilia siku nzima. Julai 1 shirika likafungwa. Hoja ya kihafidhina dhidi ya misaada ipo na si ya kijinga. Hata wachumi wa Kiafrika wameisema: misaada huzoesha serikali kutegemea, hulisha wataalamu wa semina, na mlipakodi wa Ohio ana haki ya kuuliza. Ila ukiwa Morogoro unajua pia dawa za kufubaza virusi zilifikaje zahanati. Ziliwafikia watu kwa msaada mkubwa wa PEPFAR, mpango wa kupambana na UKIMWI alioutangaza George W. Bush mwaka 2003. Bush alikuwa Republican, mlokole, na makanisa ya kiinjili ya Marekani yalikuwa miongoni mwa waliousukuma kwa nguvu. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa kwenye kundi la kwanza la nchi zilizolengwa. Mhafidhina aliyeanzisha na mhafidhina aliyeshangilia kukatwa kwa fedha wote wanasoma Biblia ileile unayoisoma. Wewe chagua, lakini usiambiwe kwamba upo msimamo mmoja tu.

Ya Springfield, Ohio, nayo ni hivyohivyo. Septemba 2024 maneno ya kusikia kwa jirani kuhusu paka aliyepotea yalianzia kwenye ukurasa wa Facebook wa mji huo, yakadakwa na wachambuzi wa X, na Septemba 10 Trump akayasema kwenye mdahalo wa urais: wahamiaji kutoka Haiti wanakula mbwa na paka za watu. Maofisa wa mji walisema hakuna taarifa ya kuaminika ya tukio kama hilo. Aliyesimama kuwatetea Wahaiti kama watu waliokuja kufanya kazi ni gavana Mike DeWine, Republican, Mkatoliki, mpinzani wa utoaji mimba maisha yake yote. Sidhani klipu yake ilikufikia. Ya Trump bila shaka uliiona. Algoriti haimchagui mhafidhina mwenye msimamo, humchagua mwenye kiki.

Jambo moja zaidi la kuangalia kwa wewe uliye mbali. Novemba 2025 X ilianza kuonyesha nchi ambako akaunti zinaendeshwa, na baadhi ya kurasa zenye tai, bendera ya Marekani na majina ya kizalendo zikaonekana ziko Ulaya Mashariki, Asia Kusini na hata Afrika. X yenyewe ilikiri kwamba taarifa hizo zina makosa ya hapa na pale. Hata hivyo sikushangaa, kwa sababu tangu Julai 2023 jukwaa hilo huwagawia wenye akaunti sehemu ya mapato, na hasira ya Mmarekani ndiyo inayolipa vizuri. X ilizuiwa Tanzania Mei 2025, kwa hiyo mengi yanakufikia kupitia YouTube na WhatsApp, yakiwa yamekatwa na mtu ambaye hujui yuko wapi wala anataka nini.

Kama kilichokuvuta ni familia na imani, msome Robert George juu ya ndoa. Anaandika kwa hoja zinazoweza kubishiwa, anajibu pingamizi, na alipolazimika kuchagua kati ya bodi yenye heshima na dhamiri yake, aliondoka. Ross Douthat wa New York Times ni Mkatoliki mhafidhina anayeandikia wasomaji wengi wasiokubaliana naye, na hilo peke yake humfanya apime maneno. Ukitaka upande mpya wa akina Vance bila kelele, soma American Compass ya Oren Cass, inayotetea mfanyakazi na kiwanda kwa lugha ya uchumi. Ukitaka wahafidhina wasiomkubali Trump, lipo jarida la mtandaoni la The Dispatch, la tangu 2019. National Review nayo bado ipo, ingawa haina tena lango la kulinda.

Na vijana wako. Kirk aliuawa kwa risasi Septemba 10, 2025 katika Chuo Kikuu cha Utah Valley, akiwa na miaka 31, katikati ya kujibu swali, na vijana watakuuliza habari zake upende usipende. Usiwanyime. Ila acha klipu ya sekunde arobaini, ile inayoishia mwanafunzi akiwa kimya na maandishi mekundu yakisema amesambaratishwa. Tafuta mjadala wote, wa dakika kumi au ishirini, na uonyeshe pia pale mwanafunzi anapouliza vizuri. Simamisha video kabla Kirk hajajibu, ujibiwe na vijana wako kwanza, nusu yao wakiwa upande wa mwanafunzi. Na kwa Owens, mpaka ile kesi ya Delaware iishe, mimi nisingemwonyesha mtoto wa mtu.